Mkono Uliobaki Darasa la Kwanza

Jumatano moja ya mwezi wa Mei, saa kumi na nusu hivi, Akech alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa nyumba yake ya Makongeni akichambua dagaa wa omena. Mezani, hatua tatu nyuma yake, mjukuu wake Amondi wa gredi ya pili alikuwa akiandika kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umefungwa kiunoni kwa utepe wa leso kuukuu. Haukukazwa sana, na fundo lenyewe lilikuwa safi, kwa maana Akech alijua mafundo.

Hakumfunga kwa ubaya. Shule ilisema watoto wote waandike kwa kulia, na Akech aliona shule imesema kweli. Mkono wa kushoto haupokei kitu cha mkubwa, hausalimii wageni, haupakui chakula. Yeye mwenyewe alizaliwa na shoto, akanyooshwa, akaja kuwa karani wa tiketi wa reli kwa miaka thelathini na mmoja. Angetumia kushoto, nani angepokea tiketi yake? Mama yake Amondi, Adongo, alikuwa Doha akilea watoto wa watu, na Akech hakutaka arudi akute mtoto wake hana adabu.

“Dani,” Amondi alimwita bibi yake, “ticha amesema tuangalie mnyama wa nyumbani. Anatumia mkono gani. Halafu mzazi a-sign.”

“Mnyama gani?”

“Si Gadi?”

Gadi alikuwa paka wao, wa kijivu, mwenye ncha nyeupe mkiani. Alitokea upande wa njia ya reli miaka miwili iliyopita, akitembea nyuma ya mabehewa ya mizigo mkia ukiwa juu, na mtaa uliojaa wastaafu wa reli haukuhitaji kufikiria sana ili kumpa jina la mlinzi wa behewa la mwisho. Sasa alikuwa na watoto wanne aliowazalia ndani ya gambuti la Mzee Odera, jirani wa mlango wa tatu. Mzee Odera aliliacha gambuti palepale na kuanza kuvaa malapa.

Amondi ndiye aliyebuni jinsi ya kumpima. Aliweka omena mmoja chini kabisa ya chupa ya jemu, ambayo mdomo wake ulipitisha mguu wa paka lakini haukupitisha kichwa. Gadi aliinusa chupa, akaizunguka, akaingiza mguu wa mbele wa kushoto na kumtoa omena kwa kucha moja. Wakaweka mwingine. Wakarudia mara ishirini. Mara kumi na nane alitumia kushoto. Mara mbili alitumia kulia, na hizo mbili alikuwa ameulalia ule wa kushoto na kuona uvivu wa kuinuka.

“Dani, Gadi ni mashoto kama mimi,” Amondi alisema. Alifurahi mpaka akasimama juu ya kiti.

“Andika ulichoona,” Akech alimwambia, “na ushuke kwenye kiti cha watu.”

Amondi aliandika, kwa kulia, herufi zikipanda mlima na kuteremka. Akech akatia sahihi yake ndefu ya kikarani, ile iliyowapeleka watu Kisumu na Butere.

Ijumaa daftari lilirudi. Chini ya kazi ya Amondi, kwa wino mwekundu, palikuwa na neno moja: Rudia. 

Akech alilisoma neno hilo mara mbili. Mwalimu ni mwalimu. Kama mwalimu amesema rudia, basi kuna mahali paka amekosea. Hata hivyo hakuwa mtu wa kupitisha jambo bila kuuliza, kwa hiyo Jumamosi asubuhi alipokwenda kununua dawa ya minyoo ya paka alimweleza Samatar, mwenye duka la dawa za mifugo karibu na Jogoo Road.

“Mama, hiyo kitu watu wamesoma,” Samatar alisema, huku akipima dawa. “Kitabu inasema paka dume anapenda kushoto. Jike anapenda kulia.”

“Huyu wangu ni jike. Ana watoto wanne.”

“Basi atumie kulia.”

Gadi hakuwa amekisoma kitabu hicho. Akech alirudi nyumbani akiwa ameshakata shauri. Adhuhuri, Amondi akiwa amekwenda kwa Roseline kusukwa nywele, alichana utepe mwingine kutoka kwenye leso ileile, akamshika paka na kumfunga mguu wa mbele wa kushoto kifuani. Aliufunga kwa upole, kwa fundo lilelile. Gadi hakukwaruza wala hakulia. Akech akatia omena ndani ya chupa na kumweka mbele yake.

Gadi alimtazama omena. Kisha akaketi.

Alasiri alikuwa bado ameketi. Roseline, jirani wa mlango unaofuata, alimleta Amondi na nywele zake mpya, akasimama kizingitini.

“Mama Adongo, umefunga paka?”

“Ni homework ya mtoto.”

“Aah, sawa,” alisema Roseline, na hakuuliza zaidi. Muhula uliopita yeye mwenyewe alikesha akijenga ikulu kwa maboksi ya dawa ya meno, akapewa alama ya wastani.

Jumapili walikwenda kanisani wakarudi, Gadi ameketi. Walimmwagia omena kwenye kisahani ili ale kwa mdomo tu kama paka wengine, naye akakigeuzia kisahani kisogo. Wanawe walikuja wakanyonya, akawaacha wanyonye. Jumatatu Amondi alitoka shuleni, akavua viatu, akaenda kuketi sakafuni kando yake, mkono wake wa kushoto kiunoni, mguu wa kushoto wa paka kifuani. Wakaitazama chupa wote wawili. 

Akech alikuwa akikoroga uji. Alipogeuka kuchukua sukari akawaona hivyo, na mwiko ukamsimamia mkononi.

Alikuwa na miaka sita. Ilikuwa Alego, mwaka wa sitini na tano, na mama yake alikuwa amechana utepe kwenye gunia la unga la kitambaa na kuufunga mkono wake kiunoni kabla ya kumpeleka darasa la kwanza. Akech aliketi mbele ya kibao cha mawe na hakuandika. Siku ya kwanza hakuandika, ya pili hakuandika, ya tatu akachapwa na hakuandika. Siku ya nne aliandika kwa kulia, na watu wazima wote wakampongeza. Hakuwahi kumsimulia mtu jambo hilo, kwa sababu hakujua kwamba ni jambo la kusimuliwa. Sasa, miaka karibu sitini baadaye, alimwona paka amekaa siku tatu vilevile na moyo ukamuuma, ukamuuma sana, akalaza mwiko kando na kupiga magoti.

Alilifungua fundo. Gadi aliunyoosha mguu, akaulamba mara chache, akaukunja na kuukunjua. Kisha akauweka kwenye kiganja cha kushoto cha Akech na kuuacha pale kwa muda wa kutosha chai kuchemka. Alipomaliza alikwenda kwenye chupa, akatoa omena wake, akala.

Jumanne asubuhi Akech alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama kawaida yake, na kikombe kikaanguka. Bangili yake ya shaba ilikuwa imevuka kiganja na kubingirika hadi chini ya kitanda. Aliuinua mkono wa kushoto kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa mkono wa mtoto wa miaka sita.

Ulikuwa mnene kidogo, na vishimo mahali pa vifundo vya vidole. Kwenye kucha palikuwa na vumbi la kalamu ya kibao. Nyuma ya kidole gumba palikuwa na mkwaruzo wa mwiba, bado mbichi, na Akech aliutambua mara moja: alikuwa amekwenda kuchuma matunda ya ochuoga na binamu zake siku moja kabla ya kufungwa. Aliuosha mkwaruzo kwa maji ya chumvi. Mkono ulijikunja kidogo kwa kuwashwa. “Pole,” aliuambia, akaupaka mafuta, kisha akapanguza chai sakafuni.

Zahanati ilikuwa na foleni fupi siku hiyo. Daktari alimpima presha kwa mkono wa kulia, akamwambia apunguze chumvi. Kuhusu wa kushoto aliuliza tu kama ulikuwa umepata chanjo ya surua. Akech alisema hakumbuki. Wakauchanja, ukalia bila sauti, yaani ulitetemeka, na muuguzi akaupa peremende.

Gadi naye alikuwa ameanza kutembea mtaani. Aliingia nyumba hii akaruka ile, kama mtu mwenye orodha. Kwa Mzee Odera alikaa sana. Mzee huyo aliendesha garimoshi kwa nusu ya maisha yake, na asubuhi iliyofuata alitoka nje na mkono wa kushoto wa mtoto wa miaka mitano.

“Mama Adongo,” aliita kutoka kwenye kiti chake cha nje, “kumbe hata wewe?”

“Hata mimi, Baba Opiyo.”

“Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau. Bakora haishikiki, lakini ona.” Aliuingiza ule mkono mdogo ndani ya gambuti, akatoa mtoto wa paka bila kumwamsha. “Ile ingine ilikuwa haifiki.”

Kufikia Ijumaa watu kumi na saba wa Makongeni walikuwa na mkono mmoja mdogo. Mtaa ulizoea. Mafundi walipunguza mikono ya mashati, na kanisani kasisi aliwaomba waumini wanaoshikana mikono ya amani waishikane taratibu. Roseline peke yake ndiye aliyenuna. Alikuwa amemnyooshea Gadi mikono yote miwili, akamwekea na maziwa, na paka alinusa tu na kupita, kwa kuwa Roseline alizaliwa wa kulia na hakuna mtu aliyewahi kumfunga chochote.

“Ai yawa, na mimi sina kitu yangu ilibaki huko nyuma?” alilalamika. “Hata kidole?”

Mkono wa Akech ulikuwa na tabia zake. Ulipenda sukari. Ulipenda kuburuta kijiti ukutani wakati wa kutembea. Ukiachwa karibu na vumbi la unga, uliandika herufi A, na kila mara A hiyo ilikuwa na mguu mmoja mrefu, kwa sababu hapo ndipo ulipofika ulipokatizwa. Akech alizoea kuketi mezani jioni na kuuacha uandike. Alikuwa mjane wa miaka tisa, mtoto wake wa pekee yuko ng’ambo, na hakuona aibu kukiri moyoni kwamba mkono ule ulimletea furaha.

Zaidi ya yote ulimpenda Amondi. Kama mtoto alikuwa karibu, mkono ulinyooka kumshika shati.

Jioni ya Ijumaa hiyo, Amondi alipotoa daftari, Akech alichukua utepe kama kawaida, akautumia mkono wa kulia na meno kufunga fundo. Aligeuka kuwasha jiko. Alipogeuka tena, mkono wake mdogo ulikuwa umejipenyeza nyuma ya mgongo wa mtoto na fundo liko wazi. Akalifunga tena. Mkono ukalifungua tena, upesi zaidi, ukilifuata kwa njia yake, huku na huku na chini. Ulilijua fundo lile. Ulikuwa umelala nalo.

“Dani,” Amondi alisema bila kugeuka, “hiyo mkono yako inanifungua.”

“Naona.”

“Mimi sijaiambia.”

“Najua hujaiambia.”

Akech aliketi. Aliuchukua mkono wa kushoto wa Amondi, akaulaza mezani kando ya wake mwenyewe. Wa Amondi ulikuwa mrefu kidogo, kwa kuwa Amondi alikuwa na miaka saba, na Akech hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mkono unaofungwa haukui. Unabaki pale ulipofungiwa, ukingoja, hata mwenyewe azeeke na kuusahau. Yeye alikuwa amemfunga mjukuu wake tangu mwezi wa Februari, kila jioni, kwa mikono yake, kwa upendo.

“Nisamehe, nyakwara, mjukuu wangu,” alisema. Alisema hivyo waziwazi, kwa sauti, jambo ambalo watu wa rika lake hawalifanyi kwa watoto. “Nilikukosea.”

Amondi aliutikisa mkono wake uliofunguliwa, akashika penseli nayo ikamkaa. “Ni sawa, Dani,” alisema. Aliandika mstari mzima, herufi zimesimama wima, kisha akainua macho. “Na shule?”

Jumatatu Akech alivaa gauni lake la kanisani na kwenda shule. Mwalimu wa gredi ya pili, Ticha Kasiva, mwanamke wa miaka arobaini mwenye sauti ya pole, alimkaribisha kwenye kona ya ofisi ya walimu na kumpa kiti kizuri.

“Nimekuja kwa mambo mawili, Mwalimu,” Akech alisema. “La kwanza ni paka. Ulimwambia mtoto arudie. Tumerudia, na paka bado ni wa kushoto. Nimemfunga, akakataa chakula siku tatu. Sasa sijui tufanyeje.”

Ticha Kasiva alilichukua daftari, akalitazama kwa muda. Kisha akaukunja mkono wa sweta yake ya kushoto. Kiganja kilichojitokeza kilikuwa cha msichana wa miaka saba, na doa la zambarau zilizoliwa juu ya mti.

“Alipita hapa Alhamisi,” alisema mwalimu. “Aliingia kwa dirisha la staffroom.”

“Nani alikufunga?”

“Susu, nyanya yangu. Kule Mwala. Na alikuwa ananipenda sana.” Aliitia kalamu nyekundu kwenye vidole vile vidogo, akalikata neno Rudia, akaweka alama ya vema. Alama yenyewe ilitazama upande usio wake, lakini ilikuwa vema. “Hiyo ya paka nimekubali, Mama. Nilikosea. Ya pili ni gani?”

“Ya pili ni Amondi. Msimfunge.”

Ticha Kasiva aligeukia dirisha. Kutoka darasani kwake walisikika watoto wakisoma kwa pamoja. Akech aliweza kuona kupitia dirishani mstari wa kwanza: watoto wanne kwenye dawati la watoto watatu, na miongoni mwao Amondi, kiunoni utepe wa bluu wa rangi ya sare. Shule haikutumia leso. Tepe zilishonwa na fundi, kila moja na jina la mwenyewe, ili zisichanganyike.

“Darasa langu iko na watoto themanini na mbili,” mwalimu alisema. “Wanakaa wanne wanne. Akiandika kwa kushoto, anagonga mwenzake, yule anaharibu, yule mwingine analia. Wenye shoto ni tisa. Nikiacha mmoja nitaacha wote.”

“Mweke mwisho wa dawati, kushoto.”

“Kushoto ni ukuta.”

“Basi geuzeni madawati.”

“Mama,” Ticha Kasiva alisema, na alisema kwa huruma ya kweli, akiwa ameushika mkono mdogo wa Akech kwa mkono wake mdogo, “si mimi nimeamua. Ni wazazi, kwa mkutano wa Februari. Nilikuwa naandika kumbukumbu. Na wewe ulinyoosha mkono.”

Akech alikumbuka. Alikuwa ameunyoosha wa kulia, juu kabisa, na kusema kwamba adabu huanza utotoni.

“Kuna mkutano mwingine Juni,” mwalimu alisema. “Unyooshe tena.”

Majuma yale Akech aliyaishi kwa ajili ya mkutano huo tu. Alimwendea kila mzazi mwenye mkono mdogo ambaye mtoto wake alisoma pale. Walikuwa wanane, na yeye wa tisa. Walikubaliana mapema, hakuna aliyepinga. Ungempinga nani, na ushahidi wenyewe unauvisha soksi ya mtoto wakati wa baridi? Jioni, nyumbani, Amondi aliandika kwa kushoto, akachora kwa kushoto, akala ugali kwa kushoto, na Akech akamwacha. Asubuhi alimpeleka hadi langoni na kumkabidhi.

Mkutano ulifanyika Jumamosi katika darasa la gredi ya sita. Mwenyekiti wa wazazi, Bwana Kivuva, dereva wa kampuni moja ya vinywaji, alikuwa mtu wa haki aliyependa mambo yaende kwa taratibu. Alimpa Akech nafasi ya kusema, na Akech alisema vizuri. Aliwaonyesha mkono wake. Aliwaambia kwamba mtoto akifungwa leo, hiki ndicho atakachokuwa nacho akiwa na miaka sitini na tano. Wazazi walisikiliza, wengine wakitikisa kichwa kwa masikitiko, na mama mmoja nyuma akafuta machozi.

“Tumesikia,” alisema Bwana Kivuva. “Wanaotaka watoto wasifungwe, wanyooshe mkono.”

Mikono midogo tisa ilipanda. Wenyewe hawakuwa wameiinua. Ilijiinua, kwa hamu, ikitikisika hewani kama ya watoto wanaojua jibu. Bwana Kivuva aliinyooshea kalamu, akahesabu hadi mbili, akasita. Alimwinamia katibu wakanong’onezana.

“Kuna shida kidogo,” alisema. “Hii ni mikono ya watoto. Kwa katiba yetu, mtoto hapigi kura.”

Akech aliinua wa kulia. 

“Mama Adongo, pole,” Bwana Kivuva alisema. “Mkono umeshanyoosha. Mtu ni kura moja.”

Mzazi mmoja aliuliza kama huo si uonevu. Bwana Kivuva alimjibu kwamba ni uonevu kidogo, ndiyo, lakini ni utaratibu, na leo ukivunjwa kwa jambo zuri kesho utavunjwa kwa baya. Waliotaka mambo yaendelee kama yalivyo walinyoosha mikono arobaini na mmoja, yote mikubwa. Wakahamia ajenda ya rangi ya lango.

Ticha Kasiva aliyaandika yote kwenye kumbukumbu, kwa kulia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya sweta. Baada ya mkutano alimkuta Akech kwenye mfereji akiuosha uso, akasimama naye mpaka maji yalipoisha.

Muhula wa pili ulikwenda, wa tatu ukaja. Mvua za Novemba zilijaa kwenye mitaro. Watoto wa Gadi waligawanywa, mmoja kwa Roseline, aliyempokea kwa mikono miwili mikubwa na kusema atamlea hivyohivyo. Kila asubuhi Akech alimfikisha Amondi langoni, na mahali pale pale alimwambia, “Leta salamu,” na wakasalimiana kwa mkono wa kushoto, mbele ya askari wa lango na mbele ya wazazi wengine, bila haraka. Kisha mtoto aliingia, akauchukua utepe wenye jina lake kwenye msumari, akajifunga mwenyewe. Alikuwa ameshajifunza fundo.

Katikati ya Desemba Adongo alituma sanduku kutoka Doha. Ndani yake palikuwa na sweta ya bluu ya gredi ya tatu, imefumwa vizuri, kubwa kiasi ili idumu. Akech alimsimamisha Amondi juu ya kigoda karibu na dirisha, saa kumi na moja jioni, akamvalisha. Upande wa kulia mkono wa sweta uliishia kifundoni, kama inavyotakiwa. Upande wa kushoto uliteremka hadi kuingia kiganjani.

Akech alidhani mfumaji amekosea. Aliivuta mikono miwili ya sweta pamoja mbele ya mtoto, akaipima. Ilikuwa sawa. Basi akaiweka mikono ya Amondi bapa kwenye kizingiti cha dirisha, wa kulia na wa kushoto, akaitazama. Kisha akauweka na wake mdogo kando ya ile miwili. Wa kulia wa Amondi ulikuwa umeutangulia wa kushoto kwa upana wa ukucha.

“Moja imebaki,” alisema Amondi.

“Ndiyo.”

“Inauma?”

“Yako inauma?”

Amondi alivichezesha vidole, akafikiri. “Hapana. Inangoja tu.”

Akech alikwenda kuleta sindano na uzi wa bluu. Kuingiza uzi tunduni ilikuwa kazi ya mkono mdogo siku hizi, kwa kuwa wa kulia ulishaanza kutetemeka, na uliingia mara ya kwanza. Aliukunja mkono wa kushoto wa sweta kwa ndani, kitambaa cha upana wa ukucha, akaanza kushona kwa mshono mrefu uliolegea, ule wa kushikiza tu, ambao mtu akivuta ncha moja unatoka wote.

“Dani, si itafunguka?” Amondi aliuliza.

“Nataka ifunguke,” alisema Akech. “Geuka nikuone.”